Bei halisi za viwanja Kibaha na Kisarawe ziwekwe wazi

Mkulima wa korosho wa Maneromango hahitaji dalali wa kumwambia bei ya zao lake. Mnada ukishafungwa, bei ya kilo inajulikana, na haichukui muda kuenea vijijini. Mfanyabiashara wa mchele wa Mlandizi naye anaweza kufuatilia bei za jumla za mahindi, mchele na maharage zinazotolewa na wizara inayohusika na biashara. Lakini watu hao hao wawili, wakitaka kuuza kiwanja walichokilipia kwa kudunduliza, hawana pa kuuliza. Wanaambiwa bei na dalali, na dalali ameambiwa na dalali mwenzake.

Jambo hili si dogo. Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Mkoa wa Pwani, kiwanja ndiyo benki. Mama lishe wa Maili Moja akipata ziada haipeleki kwenye hisa, hulipia kiwanja Visiga au Misugusugu. Mwenye duka la pembejeo hufanya vivyo hivyo, na kijana wa bodaboda pia. Hesabu yao ni nyepesi: ardhi haiozi, haibebeki usiku, na kila mwaka bei yake hupanda. Mambo mawili ya kwanza hayana ubishi. La tatu husemwa tu. Hakuna kitabu ambacho mwananchi wa kawaida anaweza kukifungua akalihakikisha.

Katika miaka ya karibuni imezuka pia bidhaa nyingine pembeni ya ardhi yenyewe, nayo ni mkataba wa kiwanja. Kampuni hununua ekari kadhaa kwa wanakijiji, huleta mpima, hukata barabara, kisha huuza viwanja kwa mita ya mraba na kumruhusu mnunuzi alipe kwa awamu, miezi sita, mwaka mmoja, wakati mwingine miaka miwili. Mpaka awamu ya mwisho ilipwe, anachokishika mnunuzi si ardhi. Ni karatasi inayosema kuwa akimaliza kulipa atakabidhiwa ardhi.

Karatasi hiyo nayo inauzwa. Ada ya chuo ikibana, mgonjwa akilazwa au mtaji wa duka ukikatika, mwenye mkataba hutafuta mtu wa kumrudishia alicholipa na kuendelea na awamu zilizobaki. Hapo ndipo hugundua kwamba bei aliyoizoea, ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango la barabarani, ni bei ya kampuni kumuuzia yeye. Si bei ya yeye kumuuzia mwingine. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo habari ambayo mnunuzi angepaswa kuipata kabla ya kutia sahihi, na ndiyo isiyobandikwa popote, si Kibaha wala Kisarawe.

Ulaya na Marekani zilishapita njia hii kwa bidhaa ya aina nyingine. Tangu miaka ya 1960 kule Ulaya, na miaka ya 1970 kule Marekani, kumekuwa na biashara ya umiliki wa zamu: familia hununua haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka, na wiki zinazobaki ni za familia nyingine. Wauzaji waliinadi kama akiba ya kuwarithisha watoto. Walioamua kuuza zamu zao walikuta wanunuzi hawapo, au wanatoa sehemu ndogo tu ya fedha iliyolipwa mwanzoni. Wapo waliotangaza kuiachia haki hiyo kwa dola moja ya Marekani, ili mradi waepukane na ada ya matunzo inayodaiwa kila mwaka.

Sababu yake si uchawi. Bei ya kwanza ilibeba gharama za matangazo, posho za wauzaji na faida ya kampuni. Sehemu hiyo ya bei hufa siku ile ile mkataba unapotiwa sahihi, kwani mnunuzi wa pili hana sababu ya kulipia matangazo ambayo hayakumhusu. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 1994 na kuipitia upya mwaka 2008, ukampa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu. Hata hivyo, kilichowafumbua watu macho zaidi ni kuanza kulinganisha bei ya kununulia na ile ambayo waliotangulia waliuzia kweli.

Ni kweli kwamba kiwanja cha Kisarawe si wiki moja hotelini. Ardhi inabaki, inaweza kujengwa, inaweza kupandwa mihogo wakati mwenyewe anasubiri. Lakini bango la barabarani, gari la kuwapeleka wateja kutazama eneo, tangazo la redioni na posho ya kijana anayegawa vipeperushi pale Mbezi vyote vimo ndani ya bei ya mita ya mraba. Aidha, isisahaulike kwamba Tanzania nayo hakuna anayenunua udongo moja kwa moja. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ya serikali hutolewa kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Kinachouzwa daima ni haki ya kutumia, kwa masharti. Ndiyo maana bei ya haki hiyo inategemea sana karatasi inayoishikilia.

Tatizo la kutokuwa na kumbukumbu ya bei lina historia yake. Kuanzia sheria ya ardhi ya mwaka 1923 hadi miaka ya mwisho ya karne iliyopita, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichouzwa na kufidiwa ni maendelezo: nyumba, kisima, minazi, mikorosho. Wazee wa Kisarawe hadi leo humweleza mtu ukubwa wa shamba kwa idadi ya miti. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ndizo zilizotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua mlango zaidi wa kuuziana hata ardhi isiyoendelezwa. Kwa maneno mengine, soko hili halali lina umri wa kijana tu. Korosho ilikuwa na mizani na vyama vya ushirika kabla ya Uhuru. Kiwanja hakijapata mizani.

Wakati huo huo, mambo yanayosukuma bei yamekuja kwa kasi. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilometa 19.2, ilianza kupanuliwa kuwa njia nane mwaka 2018. Kisarawe ilipata maji ya Ruvu kupitia mradi wa Kibamba hadi Kisarawe mwaka 2020. Juni 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikiwa na vituo vya Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, na vya Soga na Ruvu kwa upande wa Kibaha. Bandari kavu ya Kwala nayo ilizinduliwa Julai 2025. Kila mradi uliwapa wauza viwanja sentensi mpya ya kuandika kwenye bango: karibu na reli, karibu na bandari kavu, karibu na bomba.

Ukaribu huo hupimwa na nani? Kiwanja kilicho kilometa 9 kutoka kituo cha Soga, kwa njia ya vumbi inayokatika masika, kinaweza kuitwa cha karibu na reli na msemaji asiwe amesema uongo. Tena bei hupanda mradi unapotangazwa, si unapokamilika. Mtu anayenunua leo kwa sababu treni imeanza kupita anaweza kuwa analipia faida ambayo muuzaji wa miaka sita iliyopita ameshaitia mfukoni. Rekodi ya bei ya kuuziana tena, mwaka baada ya mwaka, ingeonyesha wazi mahali ambapo mradi umeongeza bei kweli na mahali ulipoongeza maneno.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa. Hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kulikuwa na watu waliokuwa na karatasi za mauziano zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri haukuzuia tingatinga. Miaka hiyo hiyo, wakati msemo wa vyuma vimekaza ulipokuwa midomoni mwa kila mfanyabiashara, viwanja vingi vilikaa sokoni miezi na miezi bila mteja. Bei zilishuka kwa kiasi gani? Mabango hayakushusha bei hata moja. Waliouza kwa shida wanajua walichopata, lakini kila mmoja anakijua cha kwake, na aliyeingia sokoni mwaka uliofuata alianza upya kama mgeni.

Ili jambo hili lieleweke, mfano wa tarakimu unafaa kuliko maneno. Tuseme kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400, kimeuzwa na kampuni kwa shilingi 10,000 kwa mita, jumla shilingi 4,000,000, kwa awamu. Mnunuzi amelipa 2,400,000, zimebaki 1,600,000, ndipo akakwama. Anamtafuta mtu, na baada ya kuhangaika anapewa 1,800,000 ili auhamishe mkataba. Wengi husema kiwanja hicho kimeuzwa milioni moja na laki nane. Si kweli. Mnunuzi mpya amebeba pia deni la 1,600,000, hivyo bei ya mkono wa pili ni 3,400,000, sawa na shilingi 8,500 kwa mita. Ni pungufu kwa asilimia 15 ukilinganisha na bei ya kwanza.

Sasa, siku hiyo hiyo bango la kampuni limeshapandishwa na kusoma shilingi 12,000 kwa mita. Mpita njia anayesoma bango anaamini kwamba bei imepanda kwa asilimia 20. Soko la wananchi wenyewe linasema mita ni 8,500. Kati ya wawili hao, aliyelipwa fedha mkononi ndiye shahidi wa kuaminika. Na hasara ya muuzaji haijaishia hapo. Alilipa 2,400,000 akarudishiwa 1,800,000. Dalali akidai asilimia 10, anabaki na 1,620,000, kabla hata ya ada ambayo baadhi ya makampuni hutoza kubadilisha jina kwenye mkataba. Akiba ya miezi mingi imepungua kwa karibu theluthi moja, na hakuna aliyemwibia.

Kuna mkulima atakayesema kwamba yeye hana mkataba wa kampuni, ana shamba lake alilorithi, kwa hiyo habari hii ni ya watu wa mjini. La hasha. Yeye ndiye wa kwanza katika mnyororo. Ekari moja, ile ya hatua 70 kwa 70, ina mita za mraba 4,047. Hata baada ya kutoa barabara na maeneo ya wazi, ekari inatoa viwanja sita au saba vya mita 400. Mkulima anayeuza kwa ekari na kampuni inayouza kwa mita wanazungumza lugha mbili tofauti, na faida inakaa hapo katikati, kwenye tafsiri. Si haramu kampuni kupata faida. Upimaji una gharama, barabara ina gharama, na kuna hatari ya viwanja kudoda. Lakini mkulima asiyejua mita moja ya eneo la jirani iliuzwa kiasi gani mwezi uliopita hana anachoshikilia mezani zaidi ya haja yake ya fedha.

Kisarawe ina kumbukumbu chungu ya jambo hilo kwa ukubwa wake. Mwaka 2009 kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa muda wa miaka 99, ili kulima mibono ya kutengeneza mafuta. Kufikia mwaka 2011 mradi ulikuwa umesimama na kampuni kubadili wamiliki. Haki ya kutumia ardhi ile ikawa mali inayohama mkono kati ya wawekezaji, wakati wanavijiji waliokuwa wakichota maji, kuokota kuni na kulima humo walikuwa wamekwishaitoa mikononi mwao. Wakati wa makubaliano vijiji havikuwa na kipimo cha bei ya kulinganisha. Vilichokuwa nacho ni ahadi za ajira, visima na zahanati.

Wakulima wa korosho wana neno lao kwa biashara ya namna hii: kangomba. Mwenye fedha taslimu humfuata mkulima shambani wakati wa njaa, kabla ya msimu, akanunua kwa kipimo chake na bei yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, una kasoro zake na malalamiko yake, hasa ya kuchelewa kwa malipo. Lakini ulileta kitu kimoja ambacho kangomba hawezi kukitafuna, nacho ni bei iliyosikika hadharani. Kangomba wa viwanja bado anatamba. Anajua Januari ni mwezi wa ada, anajua mwenye mkataba aliyekosa awamu mbili anaogopa kunyang'anywa, na anasubiri.

Suala la kunyang'anywa nalo linahitaji kutazamwa. Mikataba mingi ya awamu ina kifungu kinachosema kwamba mnunuzi akichelewa kwa muda fulani, mkataba unavunjika na anarudishiwa fedha baada ya kukatwa asilimia, tena pengine baada ya kiwanja kupata mteja mwingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaipa mahakama uwezo wa kutazama kama adhabu iliyoandikwa inalingana na hasara halisi, badala ya kuitekeleza kama ilivyo. Watu wachache wanaijua hiyo njia, na wachache zaidi wana nauli na muda wa kuifuata kwa kiwanja cha milioni nne. Kwao kifungu cha kuhamisha mkataba kwa mtu mwingine ndicho mlango wa dharura. Mnunuzi angefanya vyema kukisoma hicho kabla ya kusoma bei: je, anaruhusiwa kuuza? Kwa ridhaa ya nani? Kwa ada kiasi gani? Mkataba usioruhusu kuuzwa hauna bei ya mkono wa pili, hata kama bango linasoma milioni 20.

Kazi ya kuweka bei hadharani si ngumu kama inavyodhaniwa, kwa sababu sehemu kubwa imeshafanyika. Mauziano ya ardhi katika mitaa ya Kibaha na vijiji vya Kisarawe hupitia kwa mwenyekiti au mtendaji, mashahidi hutia sahihi, muhuri hugongwa, na katika ofisi nyingi nakala hubaki kwenye faili. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua faili hilo kila mwisho wa mwezi na kuandika mistari michache bila majina ya watu: mtaa, mwezi, ukubwa kwa mita, bei, na aina ya karatasi. Halmashauri zinaweza kukusanya mistari hiyo na kuibandika. Ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, inayofanya kazi chini ya sheria ya wathamini ya mwaka 2016, inahitaji taarifa hizo hizo kwa makadirio yake ya fidia na kodi, kwa hiyo hakuna atakayekuwa amefanya kazi ya bure.

Aina ya karatasi isiachwe kwa namna yoyote. Kiwanja chenye hati, chenye barua ya toleo, chenye mkataba wa kampuni na chenye karatasi ya serikali ya mtaa peke yake ni bidhaa nne tofauti, hata vikiwa vimepakana. Kuzichanganya katika hesabu moja ni sawa na kuchanganya korosho za daraja la kwanza na la pili halafu kushangaa kwa nini bei haieleweki. Vivyo hivyo, bei ya taslimu na bei ya awamu ziandikwe mbali mbali, na siku ambazo kiwanja kilikaa sokoni zitajwe. Kiwanja kilichouzwa kwa bei nzuri baada ya kusubiri miezi 14 hakikumsaidia mwenye mgonjwa.

Wastani nao ni mtego. Tuseme mtaa mmoja wa Kongowe umeshuhudia mauzo matano katika miezi mitatu, kwa shilingi 6,000, 7,000, 7,500, 8,000 na 30,000 kwa mita, hiyo ya mwisho ikiwa ni kiwanja kilichopakana na barabara kuu. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano unapata 11,700, bei ambayo hakuna hata mmoja aliyelipa wala kulipwa. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, unapata 7,500, na hiyo inamwambia mwananchi ukweli wa mtaa ule. Mtendaji yeyote aliyemaliza darasa la saba anaiweza hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi.

Kisha lipo suala la thamani ya shilingi. Mtu aliyenunua kiwanja kwa milioni 3 na kukiuza kwa milioni 4 baada ya miaka 10 husimulia kwamba amepata milioni nzima. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, milioni 3 za mwanzo zinapaswa kuwa karibu milioni 4 na laki 4 ili kununua mabati na saruji zile zile. Amepata hasara akicheka. Na miaka haifanani: Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kiwango cha mfumuko kila mwezi, hivyo daftari la bei za viwanja likiwepo, kulinganisha si kazi.

Vikwazo vipo, na si busara kuvifunika. Kikubwa ni kwamba bei inayoandikwa mara nyingi si ile iliyolipwa. Mwenye kuuza hukumbuka kodi ya asilimia 10 ya faida, mnunuzi hukumbuka ushuru wa stempu, na wote wawili hukumbuka ile desturi ya kutoa asilimia 10 ya mauzo kwa ofisi ya mtaa, ambayo haimo katika Sheria ya Ardhi. Hapo wanakubaliana waandike nusu. Dawa ya ugonjwa huu ni kuondoa sababu. Halmashauri zikikomesha asilimia 10 hiyo na kuweka ada ndogo ya wazi kwa stakabadhi, hofu moja itapungua. Na wakulima waelimishwe kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka nje ya kodi hiyo shamba lenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10 lililotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa. Wapo wanaoficha bei ya shamba ambalo huenda lisingetozwa hata senti, na ofisi ya TRA ingeweza kuwaeleza hilo bila malipo.

Madalali watalalamika kwamba mkate wao unachukuliwa. Dalali mwaminifu hana cha kuhofia. Wateja wake wataacha kumtilia shaka na biashara itakwenda haraka. Makampuni ya viwanja nayo yatasema kwamba bei za mkono wa pili zinaharibu jina. Yale ambayo viwanja vyake vinauzwa tena kwa bei nzuri yatapata tangazo la bure, na yale ambayo viwanja vyake havipati mteja wa pili yatakuwa yamefahamika kwa wanunuzi mapema.

Wakati halmashauri zinatafakari, vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na SACCOS za Kibaha na Kisarawe, vinaweza kuanza bila kusubiri barua ya mtu. Wanachama wengi wana mikataba ya viwanja, na wengi wameshauza au kununua. Daftari la kurasa mia moja na katibu mwenye mwandiko unaosomeka vinatosha. Kila mkutano mwanachama aliyeuza au kununua ataje bei iliyolipwa kweli, si iliyotajwa mwanzo kabla ya kupatana, na mahali, mita, karatasi, awamu zilizobaki. Baada ya mwaka mmoja kikundi cha watu 30 kitakuwa na taarifa ambayo dalali mmoja mmoja hana, na kitajua pia kama kinapaswa kukubali mkataba wa awamu kuwa dhamana ya mkopo, au kukataa.

Mabaraza ya madiwani hukutana kila robo mwaka. Pendekezo la kuanza na kata mbili, tuseme Visiga kwa upande wa Kibaha na Msimbu kwa upande wa Kisarawe, linaweza kuingizwa katika ajenda ya kikao kijacho na halihitaji fungu jipya la bajeti. Watendaji wa kata wanazo tayari karatasi za mauziano ya mwaka uliopita. Waanze na hizo.